Maswali ya Wasomaji: Kabla ya Kumkaribisha Mbia Msituni

Tangu tulipoandika kuhusu vyanzo vya maji vya Mlima Kilimanjaro, barua nyingi zinazofika ofisini kwetu hapa Moshi zimekuwa zikiuliza jambo moja kwa sura mbalimbali: kijiji, kikundi au jamii ya wafugaji inapotaka kushirikiana na serikali, kampuni au shirika katika kulinda eneo la asili, ianzie wapi na ijihadhari na nini? Tumechagua barua tano. Majina ya waandishi hatukuyachapisha, kwa kuwa baadhi ya mazungumzo wanayoyaeleza bado yanaendelea.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mjumbe wa kamati ya maliasili na mazingira ya kijiji chetu. Tuna kijisitu kinachozunguka chemchemi, chenye mikuyu mikubwa ambayo hata babu zetu waliikuta. Kampuni moja ya kupokea wageni imetuletea rasimu ya mkataba wa miaka thelathini. Inaahidi kutengeneza njia, kuweka uzio, kuajiri walinzi na kulipa kijiji kila mwaka, nasi tuiachie "haki ya kipekee ya kusimamia eneo". Mwenyekiti wa kamati ameombwa atie saini kabla ya mwezi huu kwisha. Wakati huohuo ukoo mmoja unadai kwamba msitu ni wao, kwa sababu ndipo wanapofanyia tambiko. Tufanye nini? (Msomaji, Kibosho)

JIBU: Ndugu msomaji, mwenyekiti wenu asitie saini. Barua yako haionyeshi kwamba kampuni ina nia mbaya, na inawezekana kabisa ahadi zake ni za kweli. Tatizo ni kwamba kamati ya maliasili haina uwezo wa kufunga mkataba huo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, chombo cha kijiji kinachoweza kumiliki mali, kushtaki, kushtakiwa na kuingia mikataba ni Halmashauri ya Kijiji. Nayo Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaifanya halmashauri hiyo kuwa mdhamini wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji wote, na inaikataza kugawa ardhi bila kwanza kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Kwa hiyo kamati ichambue rasimu, halmashauri iijadili, mkutano mkuu uamue, ndipo halmashauri itie saini, huku muhtasari wa kikao na orodha ya mahudhurio vikiambatishwa. Kama muda uliobaki hautoshi kwa hatua hizo, basi tarehe ya kampuni ndiyo isogezwe mbele.

Madai ya ukoo msiyachukulie kuwa usumbufu wa kupita. Sheria hiyohiyo ya 1999 inazipa haki za kimila hadhi sawa na haki zinazotolewa na serikali kwa hati, na huko kwenu, ambako kihamba, yaani shamba la nyumbani, hurithishwa ndani ya ukoo kizazi baada ya kizazi, hakuna anayeweza kukaa ofisini akaamua kwamba kijisitu kile kilikuwa cha wote tangu mwanzo. Pangeni siku ya kutembea mpaka. Waje wazee wa ukoo huo, majirani wa pande zote, mtendaji wa kijiji, wajumbe wa baraza la ardhi la kijiji, na akina mama wanaochota maji pale kila siku, maana wao ndio wanaojua njia zinazotumika na mahali maji yanapochimbukia wakati wa kiangazi. Fuateni masale yaliyopandwa na wazee kuwa alama, na pale mtakapokuta yameng'olewa au yamesogezwa, simameni hapohapo, kila upande useme neno lake, liandikwe, kisha afisa ardhi achukue nukta kwa GPS mbele ya wote. Kazi hiyo inaweza kumaliza siku nzima, na huenda mkarudi nyumbani mmegombana, lakini ni heri ugomvi wa siku hiyo kuliko ule utakaozuka uzio ukishasimama. Mkikubaliana kwamba eneo ni la kijiji na ukoo una haki ya tambiko, haki hiyo iandikwe katika mpango wa usimamizi, ikitaja mahali na nyakati zake. Mkikuta kwamba eneo ni la ukoo kweli, atakayezungumza na kampuni ni ukoo, na kijiji kitabaki na wajibu wa kusimamia sheria ndogo na usalama wa chemchemi.

Ulizeni pia wilayani kama hakuna sehemu ya msitu huo iliyomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambayo mwaka 2005 iliongezewa msitu wa hifadhi unaouzunguka mlima. Kama ipo, basi hapo kijiji hakina cha kumkodishia mtu.

Mpaka ukishajulikana, na kabla ya kurudi kwenye rasimu, upeni msitu wenu hadhi ya kisheria. Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu ulio katika ardhi yake kuwa hifadhi ya msitu wa kijiji. Mnaandaa mpango wa usimamizi, mnatunga sheria ndogo zinazopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, kisha msitu unaandikishwa wilayani. Afisa misitu wa wilaya ana wajibu wa kuwaongoza katika hatua hizo. Utaratibu huu haukubuniwa na wataalamu peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali ilipokuwa ikijiandaa kuuchukua msitu wa Duru-Haitemba ulioko Babati, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha, wanavijiji waliouzunguka walipinga, na baadaye wakakabidhiwa wausimamie wenyewe. Wakapanga sehemu za kuchunga na sehemu za kupumzisha, wakaweka walinzi wao, wakatunga sheria ndogo zao, na ukataji holela uliokuwa umezoeleka ukapungua. Mafanikio yao ni miongoni mwa mambo yaliyoifungulia njia sheria ya 2002. Nawatajia mfano huu ili muelewe kwamba kijiji chenye msitu uliotangazwa, wenye mpango na sheria ndogo, humkaribisha mbia kikiwa mwenyeji, na mbia naye anajua hivyo tangu siku ya kwanza.

Sasa rasimu yenyewe. Maneno "haki ya kipekee ya kusimamia eneo" yafuteni yote. Kuleta wageni na kuusimamia msitu ni mambo mawili tofauti, na kampuni inahitaji lile la kwanza tu. Wapeni haki ya kuingiza wageni kwa njia na saa zilizokubaliwa, nanyi mbaki na uamuzi kuhusu miti, maji, mipaka na adhabu. Miaka thelathini ni mingi mno kwa watu ambao bado hawajafanya kazi pamoja. Anzeni na mitatu au mitano, kuwe na tathmini ya pamoja, kisha muongeze mkiridhika. Walinzi waajiriwe na kijiji hata kama fedha za mishahara zinatoka kwa kampuni, ili siku mlinzi atakapomkuta mgeni wa kampuni au ndugu wa mwenyekiti akivunja tawi, ajue anamwajibikia nani. Pawe na kifungu kinachokataza kampuni kuuhamishia mkataba kwa mtu mwingine bila idhini ya mkutano mkuu, na kingine kinachoeleza nini kitatokea kwa majengo na njia iwapo mmoja wenu atajitoa. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili, na mwanasheria wa halmashauri ya wilaya ausome kabla yenu.

Kuhusu fedha, malipo yaingie kwenye akaunti ya kijiji na yatolewe stakabadhi, na kitabu cha wageni kikae getini mikononi mwa mlinzi wa kijiji, kisomwe katika kila mkutano mkuu wa robo mwaka pamoja na matumizi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mwaka wa kwanza ndio unaoamua kama wanakijiji watauona msitu ule kuwa wao au kuwa wa viongozi.

Uzio unanitia shaka kubwa zaidi. Chemchemi za mlima huu hulishwa hasa na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, zaidi sana kuliko barafu ya kileleni, na maji yake yana watu wengi chini yenu: wachotaji, wenye mifongo (mifereji ya jadi ya kumwagilia), wakulima wa tambarare. Nendeni ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, iliyoko hapahapa Moshi, mkaeleze mnachokusudia. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inatoa nafasi ya kutangaza eneo linalozunguka chanzo cha maji kuwa eneo la kulindwa, na ulinzi huo hautegemei waya wa mtu. Kama uzio utawekwa, mlango wa wachotaji maji uonekane kwenye ramani ya mkataba, na ufunguo wake usikae kwa kampuni.

SWALI: Kijiji chetu kinapakana na msitu wa hifadhi wa serikali. Kwa miaka mingi vijana wetu wamefanya doria usiku na mchana bila posho. Tulielezwa kwamba tungepata mgawo wa mapato na haki ya kuweka mizinga, ila makubaliano hayajatiwa saini na maofisa walioanzisha jambo hilo wamehamishwa. Watu wamechoka. Je, tuache? (Msomaji, Arumeru)

JIBU: Usimamizi shirikishi wa misitu nchini una matawi mawili, na ni muhimu mjue mko kwenye lipi. Msitu ukiwa katika ardhi ya kijiji, kijiji ndicho msimamizi na mapato yake ni yake. Msitu ukiwa wa serikali kuu au wa halmashauri ya wilaya, kama ulivyo huo wenu, mwenye msitu hubaki yuleyule na kijiji huwa mshirika kwa mujibu wa makubaliano ya usimamizi wa pamoja yaliyoandikwa. Bila karatasi hiyo, mnachofanya ni kujitolea, na nasema hivyo kwa uchungu kwa sababu yaliyowapata ninyi yamevipata vijiji vingi nchini: kamati zikaundwa, mipango ikaandikwa, sheria ndogo zikapitishwa, doria zikaanza, na makubaliano yakabaki bila saini, hasa kwa sababu mgawanyo wa mapato haukuamuliwa kwa muda mrefu.

Sishauri muache doria kimyakimya, kwani watakaofurahi wa kwanza ni wenye misumeno. Halmashauri ya Kijiji iandike barua kwa msimamizi wa msitu, nakala kwa mkurugenzi wa wilaya, ikieleza tarehe mlipoanza, kazi mliyofanya kwa kurejea daftari la doria, na tarehe ambayo baada yake hamtaendelea bila makubaliano. Ombeni nakala ya mpango wa usimamizi mliouandaa pamoja. Mara nyingi faili lipo, aliyelijua ndiye hayupo.

Mtakapokaa mezani, msitegemee sana mgawo wa mbao. Misitu ya kulinda vyanzo vya maji haivunwi, na asilimia ya kitu kisichouzwa haimlishi mtu. Dai mizinga, miche, majani ya mifugo kwa utaratibu, sehemu ya faini na ya ada za wageni, na ajira za msimu katika kusafisha mipaka. Jambo ambalo lisikose ni usalama. Vijana wawili wenye tochi na panga wakikutana saa nane za usiku na watu wanaopasua mbao, je, wana kitambulisho? Wana mamlaka ya kumkamata mtu? Akiumia mmoja wao, nani anamlipia matibabu? Mpaka majibu ya maswali hayo yaandikwe, doria za usiku zisitishwe, mbaki na za mchana.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Sisi ni wafugaji. Tunashawishiwa kijiji chetu kijiunge na Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori. Vijana wanataka, wazee wanaogopa kupoteza malisho ya kiangazi. Ipo njia nyingine? (Kijana mfugaji, Longido)

JIBU: Marahaba, mwanangu, nami nawasalimu wazee wako kwa heshima, kwa sababu hofu yao ina msingi. Chini ya utaratibu wa jumuiya hizo, uliotokana na Sera ya Wanyamapori ya 1998 na sasa kusimamiwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, vijiji vinatenga sehemu ya ardhi yao, vinaunda chama chenye katiba, na chama hicho kinapewa haki ya kunufaika na wanyamapori kwa utalii au uwindaji. Mnayo Enduimet wilayani kwenu, ambayo ushoroba wake wa Kitendeni huwapitisha tembo kati ya Amboseli na Kilimanjaro, na Randilen iko jirani, Monduli. Nendeni wazee na vijana pamoja, na mwulizeni mfugaji wa kule kabla ya kumwuliza mwenyekiti wa jumuiya. Mwulizeni ng'ombe wanaruhusiwa wapi na miezi gani, nani alichora kanda za matumizi, fedha huchukua muda gani kufika kijijini, na kijiji kikitaka kutoka kinafanyaje.

Njia nyingine zipo. Katika kijiji cha Terrat, Simanjiro, kampuni za utalii zilikubaliana na wanakijiji kulipa kila mwaka ili mbuga fulani isilimwe wala kujengwa, huku mifugo ikiendelea kulisha. Mbuga hizo ndiko nyumbu na pundamilia wa Tarangire huendea wakati wa mvua na kuzaa. Mpango huo umefaa kwa sababu mahitaji ya mfugaji na ya mnyama pale yalikuwa yamoja: nyasi zisizokatwa na jembe. Pia vijiji vinaweza kulinda malisho kwa hati ya hakimiliki ya kimila ya pamoja, inayotolewa kwa kundi zima badala ya mtu mmoja. Wahadzabe wa Yaeda walipata hati ya namna hiyo mwaka 2011, na Edward Loure, mwana wa Simanjiro aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi na shirika la Ujamaa Community Resource Team, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2016.

Ushauri wangu ni huu: anzeni na mpango wa matumizi ya ardhi na hati ya malisho yenu ya alalili, yaani yale mnayoyatunza kwa ajili ya kiangazi, yakiwa na mipaka na taratibu ambazo wazee tayari wanazo vichwani. Mkishakuwa na hati mkononi, jadilini jumuiya mkiwa mnajua ni eneo gani mnaloweza kulitoa na ni lipi halizungumziki.

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama tunaopakana na hifadhi ya mlima. Ng'ombe wetu wako zizini, na majani tunayategemea msituni. Vikao vya ujirani mwema huhudhuriwa na wanaume, ambao hawakati majani. Tunasikia kwamba zamani ilikuwa ruhusa. Je, ni kweli? (Mama msomaji, Mwika)

JIBU: Ni kweli, mama. Mwaka 1941 serikali ya kikoloni ilitenga ukanda wa nusu maili kati ya vihamba na msitu wa hifadhi, ili wananchi wapate kuni, miti na majani bila kuingia ndani zaidi, na baraza la Wachagga likapewa kuusimamia. Baada ya uhuru ukanda huo ukahamishwa kutoka mamlaka hii kwenda nyingine, miti mingi ikakatwa, na kadiri hifadhi ilivyopanuliwa ndivyo nafasi ile ilivyobanwa. Ukataji ule haukufanywa na mwanamke mwenye mundu na kamba ya majani, nami naona ni haki lisemwe wazi.

Leo, ndani ya hifadhi ya taifa, kukata majani bila ruhusa ni kosa. Kwa hiyo ombi lenu lazima lipitie kwa wahifadhi wa ujirani mwema. Kijiandikisheni kwanza kama kikundi, kisha iombeni Halmashauri ya Kijiji, ambayo kisheria wajumbe wake wanawake hawapaswi kupungua robo, iwateue wawakilishi wenu katika kikao kijacho. Nendeni na pendekezo lililoandikwa: eneo gani, siku zipi, kina mama wangapi, kifaa kipi, na nani atawajibika mwenzenu akikutwa na kuni mbichi. Pamoja na hilo, ombeni msaada wa mbegu za matete ya kupanda kwenye kingo za mifereji na matuta ya vihamba, pamoja na majiko banifu, kwa kuwa hata ruhusa ikipatikana haitatosheleza zizi la mwaka mzima.

SWALI: Tuko vijana tunaotaka kuongoza wageni katika msitu wa Rau. Tuanzie wapi? (Msomaji, Moshi mjini)

JIBU: Rau ni hifadhi ya serikali iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, kwa hiyo mlango wa kwanza ni ofisi ya wakala huo. Sajilini kikundi kwenye halmashauri, fungueni akaunti, kisha ombeni makubaliano ya maandishi yanayotaja njia mtakazotumia, idadi ya wageni kwa msafara mmoja, ada ya kiingilio inalipwa wapi na ya kuongoza inabaki kwa nani. Jifunzeni msitu wenyewe kabla ya kununua fulana za kikundi: ni msitu unaoishi kwa maji ya chini ya ardhi katikati ya tambarare kavu, una mbega weupe, na una mti wa msoo, ambao ni adimu duniani. Mwombeni bwana misitu awaonyeshe msoo mchanga na mkubwa, na mkiruhusiwa, ingizeni kwenye makubaliano kazi ya kuhesabu miche yake kila mwaka na kuandika mnachokiona, ili ofisi iwe na sababu ya kuwahitaji hata msimu ambao wageni hawaji.